Kadi Ilikubaliwa, Macho Hayakuulizwa: Kisa cha Mshona Kofia wa Malindi

Kuhusu kisa hiki

Kwa miaka kadhaa nilikuwa karani wa maslahi ya wafanyakazi katika hoteli moja ya Malindi. Kadi za bima za wafanyakazi na jamaa zao zilipita mkononi mwangu: kuzitoa, kuzifungia, kupiga simu zinapogoma. Kisa hiki kilinifika mezani kama malalamiko ya bili ya miwani. Kilipokwisha, bili ilikuwa jambo dogo kuliko yote.

Mhusika namwita Bi. Z. Yeye na mumewe wameridhia kieleze, kwa sharti kwamba jina, mtaa, hoteli, duka la miwani na kampuni ya bima visitajwe. Siku zimesogezwa kidogo, na mambo mawili matatu ya nyumbani nimeyabadilisha, maana Malindi ni mji mdogo na washona kofia wazuri wanajulikana kwa mikono yao.

Usuli

Bi. Z ana miaka 52. Hushona kofia za mkono, zile za vitundu vidogo vidogo ambavyo kimoja kikienda kombo jicho la mnunuzi hukiona kabla ya mengine yote. Kofia moja humchukua miezi. Mumewe ni mpishi wa siku nyingi hotelini, na kwa ajira yake mke na watoto walikuwa ndani ya bima binafsi ya kikundi. Hiyo ni mbali na SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024 na ambayo mzee hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake ghafi. Nyumbani makato hayo mawili walikuwa wakiyachanganya, wakiyaita yote "bima ya kazini". Sikuwalaumu. Hata hati ya malipo ya mshahara ilikuwa imeyapanga mstari mmoja juu ya mwingine bila maelezo.

Bima ile ya kikundi ilikuwa na mifuko mitatu. Mmoja wa kulazwa, mmoja wa wagonjwa wa nje, na mmoja wa miwani wenye kikomo cha shilingi 20,000 kwa familia kwa mwaka, ambamo fremu haikuruhusiwa kupita 8,000. Haya yote yaliandikwa kwenye kijitabu ambacho kila mfanyakazi alipewa. Ni mimi niliyewapa. Nilisema, "Mzee, hiki kisome," nikamwita aliyefuata kwenye foleni.

Tangu alipofika miaka 45 hivi, Bi. Z alikuwa akitumia miwani ya kusomea ya sokoni, ya +2.00, aliyoinunua kwa shilingi 300. Si ajabu kwa umri ule: lenzi ya ndani ya jicho hukakamaa na kushindwa kujikunja kutazama vya karibu. Vya mbali aliviona vizuri. Hakuwa amewahi kupimwa macho na mtu yeyote.

Yaliyotokea

Macho "yanapona"

Mwezi wa Shaaban, maagizo ya kofia za Idd yakiwa yamemjaa, Bi. Z aligundua kwamba anatia uzi kwenye tundu la sindano bila miwani. Aliwaambia majirani, nao wakamwambia Mungu amemrudishia ujana. Miwani ya sokoni akampa dada yake.

Wakati huohuo vya mbali vilianza kumtoroka. Watu walimsalimu barabarani naye akaitikia kwa sauti tu, asimjue nani. Ramadhani ikaingia, joto la kaskazi bado kali, naye akawa na kiu isiyokwisha. Akifuturu hunywa jagi zima, na usiku huamka mara nne kwenda msalani. Nani angeshangaa? Mfungaji ana kiu, na anywaye maji mengi usiku ataamka. Alipungua mwili pia, na hilo nalo likahesabiwa kuwa la saumu.

Hema la kupima bure

Baada ya Idd, duka la miwani kutoka mji mwingine lilipiga hema kwenye uwanja wa shule. Kupima bure, kadi za bima zinakubaliwa. Vijana wawili waliovaa makoti meupe, mashine moja ya kuweka kidevu na kutazama picha ndani yake, na meza ndefu ya fremu. Nyuma ya meza lilitundikwa karatasi lenye fremu na muhuri. Bi. Z aliliona, akatulia moyo. Baadaye nilipomwomba mwanawe alipige picha, tulilisoma: ilikuwa leseni ya biashara ya kaunti. Hiyo ni ruhusa ya kuuza. Muuza viatu anayo pia.

Mashine ilitoa -2.25 jicho la kulia na -2.00 la kushoto, alama ya kutoa ikiwa ni ya asiyeona mbali. Kijana akamwambia, "Mama, wewe huoni mbali," jambo ambalo lilikuwa kweli kabisa siku ile. Wakamchagulia lenzi za progresivu, zile ambazo juu ni za mbali na chini za karibu bila mstari katikati, zenye kugeuka rangi juani na zenye utando wa kuzuia mng'aro. Alama ya kidole ikakubaliwa na kifaa cha bima, fomu ya madai ikawekwa mbele yake, akatia sahihi. Sehemu ya bei ilikuwa tupu.

Kipimo chote, kwa kumbukumbu yake, kilichukua muda wa kunywa kikombe cha kahawa. Hakuulizwa umri, wala ugonjwa wowote, wala kama alikuwa na miwani kabla.

Miwani na bili

Miwani ilifika baada ya wiki mbili. Siku za kwanza alisema inamsaidia mbali, lakini ngazi zinamkimbia na sakafu inainuka. Kisha ikawa asubuhi inafaa, alasiri haifai. Wakati mwingine aliiona kali, wakati mwingine hafifu. Dukani walimwambia kwa simu kwamba progresivu huzoewa, avumilie mwezi. Hapa niseme haki: ni kweli lenzi hizo huhitaji kuzoewa. Lakini namba yenyewe haibadiliki kati ya asubuhi na jioni, na hilo ndilo alilokuwa akilalamikia.

Mwezi wa Mei bili ikaja. Jumla 27,400: kupimwa 1,500 (ile "bure" ilikuwa kwa wasio na kadi), fremu 9,500, lenzi 10,500, kugeuka rangi na utando 5,900. Bima ililipa 20,000, yaani mfuko mzima wa miwani wa mwaka. Ilikataa 1,500 za fremu zilizopita kikomo na 5,900 za madoido. Duka likataka 7,400 kutoka kwa mzee. Ndipo alipokuja ofisini kwangu, kofia mkononi, akanena kwa upole ambao uliniuma kuliko kelele: "Mwanangu, si mlisema kadi inalipa?"

Kumtafuta mpima macho

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wangu, na ulikuwa wa kikarani: nitafute mtu wa kupima upya, ili nikiipinga bili niwe na karatasi ya kuonyesha kwamba miwani haimfai. Sikuwa nikifikiria afya yake. Naandika hivi kwa sababu wasomaji wa visa kama hiki hupenda kudhani kuna mtu aliyeona mbali tangu mwanzo. Hakuna.

Nilichukua orodha ya watoa huduma ya kampuni ya bima. Chini ya Malindi, upande wa macho, palikuwa na majina manne. La kwanza simu haikupatikana. Nilipita na tuktuk nikakuta duka la vifaa vya simu. La pili lilipokea, kadi wanakubali, lakini nilipouliza nani anapima, dada wa upande wa pili alisema, "Kuna kijana wetu, amejifunzia hapahapa kazini." La tatu lilikuwa kliniki ya jumla ambayo daktari wa macho huja kwa zamu kutoka Mombasa, na zamu iliyofuata ilikuwa wiki tano mbele.

La nne lilikuwa chumba kidogo katika jengo la zahanati binafsi, karibu na barabara ya Lamu. Nilizungumza na mwenyewe. Nilimwuliza mambo ambayo sikuwahi kumwuliza mtoa huduma yeyote kabla ya siku ile: amesomea nini, wapi, na karatasi zake ziko wapi. Hakuudhika. Alinijibu kwamba ana shahada ya optometria kutoka Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kule Kakamega, ni mwanachama wa chama cha wapima macho, na zahanati anamofanyia kazi ina leseni ya mwaka ya KMPDC, baraza linalosimamia madaktari na vituo vya afya, iliyotundikwa mapokezi, "njoo uitazame". Kisha akaongeza jambo lililonivunja nguvu: kwenye bima yetu, mkataba wake ni wa wagonjwa wa nje tu. Upande wa miwani bado hawajamwingiza.

Basi tukawa na njia panda. Yule wa pili kadi inapita lakini ujuzi haujulikani. Huyu wa nne ujuzi upo lakini kadi, kwa nilivyodhani, haipiti. Nilimweleza mzee yote mawili kama yalivyo. Akamtazama mkewe, mkewe akasema, "Mfuko wa miwani si umekwisha? Tunahifadhi nini tena?" Hoja hiyo ilimaliza mjadala. Wakalipa 1,500 taslimu, kwa makubaliano kwamba nitajaribu kuzidai zirudi.

Siku ambayo miwani haikuuzwa

Niliwasindikiza. Mpima macho, kijana wa miaka thelathini na kitu, aliinuka akampa Bi. Z shikamoo, akamkalisha, na kwa muda mrefu hakugusa mashine yoyote. Aliuliza. Kazi yake nini? Kofia anashika umbali gani na uso? Miwani ya kwanza ilikuwa namba gani?

"Ya sokoni, ya mbili."

"Na sasa, Mama, uzi unautia kwa miwani ipi?"

"Bila miwani. Yamepona."

Kijana aliweka kalamu chini. Akauliza yalianza kupona lini. Kisha akauliza juu ya kiu, juu ya kwenda msalani usiku, juu ya kupungua mwili, juu ya nani katika ukoo ana kisukari. Marehemu mama yake Bi. Z alikuwa nacho. Hakuna aliyewahi kuunganisha.

Alimpima kwa lenzi za majaribio, moja baada ya nyingine, akapata -1.25 na -1.00. Yaani namba kamili moja pungufu ya hema, kwa muda wa kiasi cha mwezi. Akapima presha ya macho, ilikuwa sawa. Akatazama lenzi za ndani kwa darubini ya taa, maana mtoto wa jicho anayeanzia katikati naye huweza kumrudishia mzee uwezo wa kuona karibu kwa muda. Hakuona mtoto wa jicho wa kutosha kueleza hali ile. Akatueleza: sukari ikizidi kwenye damu, huingia pia ndani ya lenzi ya jicho, maji yakaifuata, lenzi ikavimba na nguvu yake ikabadilika. Mtu wa miaka 52 hujikuta anaona karibu, na mbali kunafifia. Sukari ikipanda na kushuka, namba nayo hupanda na kushuka.

"Sitakuandikia miwani leo," alisema. "Nikikuandikia, itakuwa ya sukari, si ya macho yako."

Akaandika barua ya rufaa, tukaenda hospitali ya umma alasiri ileile. Sukari ya papo hapo ilikuwa 21.3 mmol/L. Ikifika 11.1 kwa mtu mwenye dalili kama zake, hicho tayari ni kisukari. Kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa takriban miezi 3, kilirudi na asilimia 11.2, na mpaka wa ugonjwa ni 6.5.

Mombasa

Dawa zilianza siku ile. Barua ya mpima macho ilikuwa na ombi la pili: achunguzwe nyuma ya jicho kwa dawa ya kupanua mboni, na daktari bingwa wa macho. Mwenye kisukari cha aina ya pili huchunguzwa hivyo mara tu anapogunduliwa, kwa kuwa huenda amekaa nacho miaka bila kujua. Nilifikiri kungoja zamu ya kliniki ya Malindi. Mpima macho aliposikia alinipigia mwenyewe, akasema wiki hizo si za hatari kwa alichokiona, ila kama njia ipo tusingoje.

Safari hii niliomba idhini ya bima kabla. Sikuandika "macho". Niliandika "uchunguzi wa retina kwa mgonjwa wa kisukari", nikaambatisha barua na majibu ya maabara. Idhini ilitoka siku ya pili, kutoka mfuko wa wagonjwa wa nje. Wakasafiri yeye na mumewe, kilomita 120 hivi. Mume alihitajika kweli: baada ya dawa ile mwanga huumiza na vya karibu hufifia kwa saa kadhaa, na kumwacha mtu atafute matatu peke yake stendi ya Mombasa katika hali hiyo si utu.

Daktari aliona vidoa vichache vya damu kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho, dalili za mwanzo. Havikuhitaji mionzi ya leza wala sindano. Akampa miadi na kumwambia dawa kubwa ni sukari yenyewe.

Matokeo

Sukari ilishuka polepole katika Juni na Julai. Na jinsi ilivyoshuka, ndivyo miwani ya hema ilivyozidi kuwa haifai, mpaka mwisho hakuweza kuivaa hata kuvuka chumba. Ujana wa sindano nao ukaondoka. Alihuzunika kidogo, nadhani. Mwishoni mwa Agosti, sukari ikiwa imetulia kwa wiki sita, alipimwa tena: mbali hahitaji miwani, karibu +2.25. Akatengenezewa miwani ya kushonea tu, kwa umbali halisi wa kofia yake kutoka usoni, uliopimwa kwa futi. Ilimgharimu 4,200 taslimu, kwa kuwa mfuko wa miwani ulikuwa mtupu.

Kuhusu fedha, hatukushinda yote. Zile 1,500 za kwanza, bima ilirudisha 1,200 kwa kiwango wanachowalipa watoa huduma wao, kwa sababu karatasi ya mpima macho ilitaja ugonjwa na si miwani. Bili ya hema niliipinga kwa barua: fomu ilitiwa sahihi ikiwa tupu, na vilivyoongezwa havikuelezwa. Duka lilifuta 5,900 baada ya kuona kwamba nakala ya barua ingefika kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima. Mzee alilipa 1,500 za fremu. Zile 20,000 hazikurudi, maana mbele ya bima miwani iliagizwa, ikatengenezwa, ikapokelewa na kidole cha mwenyewe.

Uchambuzi

Nimekigeuza kisa hiki kichwani mara nyingi, na kosa ninaloliona mwanzo wake ni neno moja. Sisi huku kila anayeshika jicho tunamwita daktari wa macho. Ndani ya neno hilo wamo watu wasiopungua wanne. Yupo fundi wa miwani, anayekata lenzi na kuzipachika kwenye fremu kwa namba aliyoandikiwa. Kazi ya heshima, lakini si ya kupima ugonjwa. Yupo mpima macho aliyesomea, anayepima uwezo wa kuona, anayetambua dalili za magonjwa na kupeleka rufaa. Yupo afisa wa kliniki aliyejiendeleza upande wa macho, ambaye katika hospitali nyingi za umma ndiye utakayemkuta, na baadhi yao hufanya hata upasuaji wa mtoto wa jicho. Na yupo daktari bingwa. Bi. Z alidhani amemwona wa mwisho, kumbe alionana na mashine na msaidizi wa duka.

Kuwathibitisha hakufanani. Daktari bingwa yuko kwenye rejista ya KMPDC, ambayo mtu yeyote anaweza kuitafuta mtandaoni kwa jina, na leseni yake huhuishwa kila mwaka. Afisa wa kliniki ana baraza lake. Mpima macho ndiye mgumu: kwa miaka mingi fani yake Kenya haikuwa na baraza la kisheria kama la wauguzi, na pengo hilo ndilo lililompa kila mwenye mashine nafasi ya kuvaa koti jeupe. Kwa hiyo kwake tulishika vitu vitatu kwa pamoja: cheti cha chuo kinachojulikana, uanachama wa chama cha fani, na leseni ya kituo anamofanyia kazi. Kimoja pekee kisingetosha. Na tuliuliza jina lake kamili, lile la kwenye cheti, maana "daktari Ali" hatafutiki popote.

Kosa la pili ni langu zaidi. Kwa miaka niliwaambia wafanyakazi, "Nendeni panapokubali kadi." Nilisema hivyo kana kwamba kampuni ya bima imekwisha kuwachuja watu kwa niaba yetu. Kukubaliwa kwa kadi ni mkataba wa malipo. Huonyesha kwamba duka na bima wameelewana bei na namna ya kulipana, basi. Haionyeshi nani atakaa mbele yako na lenzi mkononi. Kinyume chake pia ni kweli: mpima macho bora tuliyempata alikuwa nje ya mkataba wa miwani. Haya ni maswali mawili yasiyojibiana, na sisi tuliuliza moja tu. Utaratibu nao una uzito. Ukianza na kadi, utachagua kati ya wanaokubali kadi na ujuzi utakuwa bahati. Ukianza na ujuzi, kadi unaweza kuizungumza, kuiombea idhini, hata kudai marejesho ukiwa na karatasi sahihi.

La mifuko linahitaji kukaa nalo kidogo, kwa kuwa ndipo watu wengi wanapopoteza fedha bila kujua. Katika bima kama yetu, miwani ni mfuko mmoja na ugonjwa wa jicho ni mfuko mwingine. Jicho jekundu, presha ya macho, kisukari kilichofika kwenye retina, hayo ni matibabu. Anayekwenda akasema "nataka kupimwa macho" huingizwa kwenye mfuko wa miwani, ambao ni mdogo na huisha. Anayekwenda na malalamiko, "naona mbali kumefifia tangu miezi mitatu na nina kiu", amefika kama mgonjwa, na mfuko wake ni mwingine. Si ujanja wa maneno. Ni kueleza kilichokuleta. Bi. Z alikuwa mgonjwa tangu siku ya hema, lakini alipokelewa kama mnunuzi.

Je, hema lilikosea? Hapa mimi na mpima macho hatukukubaliana. Yeye alisema ni uzembe. Mimi nasita. Wapo wengi Malindi waliopata miwani yao ya kwanza kwenye mahema ya namna hiyo na ikawafaa, na wazee wa nje ya mji, kama Marafa au Gongoni, hawana duka la jirani la kulinganisha. Mashine yenyewe haikusema uongo, ilipima jicho kama lilivyokuwa dakika ile. Lililokosekana ni swali moja la bei ya bure: miwani ya kwanza ilikuwa ipi? Mtu wa miaka 52 mwenye +2.00 ya kusomea hageuki kuwa -2.25 ya mbali katika miezi miwili bila sababu. Jibu lile lingemshtua mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Lakini ili ushtuke lazima uwe umefundishwa, na kazi ya siku ile ilikuwa kuuza fremu. Alipokubali kwamba mashine haikukosea, nami nikakubali kwamba koti jeupe lilikosea.

Kilichofaulu, ukiondoa ustadi wa kijana yule, kilikuwa kidogo. Malalamiko ya fedha yalitupeleka kwa mtu sahihi kwa njia ya mzunguko. Kumweleza mzee njia panda kwa ukweli, badala ya kumchagulia, kuliharakisha mambo kuliko nilivyotarajia. Kuomba idhini kabla ya Mombasa kulituepusha na bili ya pili. Na barua ya mpima macho, ukurasa mmoja wenye jina lake kamili, alichopima, alichokipata na alichoshuku, ilifanya kazi mara tatu: hospitalini, kwa daktari bingwa na kwenye bima. Hema halikumpa Bi. Z hata karatasi ya namba zake. Tulizipata kutoka kwenye bili.

Sikuondoka ofisini bila kubadili kitu, ingawa ni kidogo. Orodha ya bima niliipigia simu yote, jina kwa jina, kazi ya siku mbili, nikaandika pembeni kwa kalamu: nani anapima, amesomea wapi, yupo siku gani, anakubali mfuko upi. Duka la vifaa vya simu nililikata. Kampuni ya bima niliwatumia nakala. Toleo lililofuata la orodha lilikuja miezi minane baadaye, na lile duka lilikuwamo bado, namba ileile ya simu.